Nakala 3, nakala 2 au vipande 4+2: kuelewa nafasi ya diski katika klasta ya Ceph kabla ya kuchagua

Mnunuzi wa diski 12 za terabaiti 4 huwa amekwisha kupiga hesabu kichwani kabla hajafika ofisini: 12 mara 4 ni 48. Hesabu hiyo ni sahihi dukani, lakini siku atakapozigawa katika seva tatu na kuwasha Ceph, programu inayounganisha diski za seva kadhaa (klasta) kuwa hifadhi moja, hataiona 48 mahali popote. Ataona 43.7, kwa sababu muuzaji huhesabu terabaiti, ambazo hupanda kwa 1,000, ilhali Ceph huhesabu tebibaiti, yaani TiB, ambazo hupanda kwa 1,024. Kisha fungu lake la data, yaani sehemu ya hifadhi hiyo anayoandikia, ambalo bado ni tupu, litamwambia kwamba linaweza kupokea TiB 13.8. Miezi michache baadaye, akiwa ameandika TiB 7.9 tu, fungu hilohilo litamwambia kwamba zimebaki 4.2. Namba zote hizo ni za kweli. Kila moja inajibu swali lake, na msimamizi asiyejua ni swali gani linajibiwa atachagua njia ya kutunza data kwa kuangalia namba isiyomhusu.

Makala haya yanalinganisha njia tatu za kutunza data katika Ceph: kuweka nakala tatu, kuweka nakala mbili, na kuigawa data katika vipande vinne vinavyoongezewa viwili vya fidia, mpango unaoandikwa 4+2. Ceph ni programu huria iliyoanza kama utafiti wa Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na kuelezwa hadharani mwaka 2006. Jina lake limetokana na jamii ya pweza na ngisi, ambao watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Nimeichagua kwa sababu ndiyo ninayoisimamia, na kwa sababu huja ndani ya Proxmox VE, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta zinazoigwa ndani ya seva), jambo linaloifanya ifikiwe hata na ofisi yenye seva tatu. Anayetumia mfumo mwingine hatapotea: HDFS, hifadhi ya mfumo wa Hadoop, kwa mfano, nayo huweka nakala tatu isipoelekezwa vinginevyo, na tangu Hadoop 3.0 ya mwaka 2017 ina njia yake ya vipande.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni nafasi: katika nafasi ghafi uliyoinunua, ni kiasi gani unaweza kukitumia, na ni kiasi gani unaweza kukitumia kwa usalama. Hayo ni mambo mawili, na tofauti yake ndiyo inayowaponza wengi. Cha pili ni hitilafu: diski ikifa, au seva nzima ikizimika, nini kinaendelea na nini kinasimama. Cha tatu ni ukubwa wa faili, kwa sababu njia inayobana nafasi kwa video inaweza kuitapanya kwa faili ndogondogo. Cha nne ni kasi, pamoja na uzito wa kazi ya kujenga upya kilichopotea. Cha tano ni idadi ya seva inayohitajika, na kama utaweza kubadili mawazo baadaye.

Ili ulinganisho uwe wa haki, kila njia nitaipima katika klasta ileile: seva 7, kila moja ikiwa na diski 4 za terabaiti 4. Hizo ni diski 28 zenye jumla ya TiB 101.9 ghafi, na nakala au vipande vya data moja havikai kamwe katika seva moja. Ninaposema nafasi salama nina maana ya kiasi unachoweza kuandika ili seva moja ikifa, sita zilizobaki ziweze kujenga upya data yake yote bila kujaa zaidi ya asilimia 85. Sehemu sita kati ya saba za 101.9 ni 87.3, na asilimia 85 ya hiyo ni 74.2. Kwa hiyo kila njia inapewa TiB 74.2 ghafi, na tofauti ni namna inavyozitumia.

Namba za kusoma kabla ya kulinganisha

Amri ya kuanzia ni `ceph df`. Haya ni matokeo yake kwa klasta ya seva tatu niliyoitaja mwanzoni, baada ya kuondoa safu mbili zisizohusika:

```
--- RAW STORAGE ---
CLASS  SIZE    AVAIL   USED    RAW USED  %RAW USED
hdd    44 TiB  20 TiB  24 TiB  24 TiB    54.3

--- POOLS ---
POOL     STORED   OBJECTS  USED    %USED  MAX AVAIL
mashine  7.9 TiB  2.07M    24 TiB  65.2   4.2 TiB
```

Sehemu ya juu inahesabu diski zenyewe, bila kujali nakala (43.7 imekadiriwa hapo kuwa 44). Sehemu ya chini inahesabu mafungu ya data, ambayo katika amri za Ceph huandikwa `pool`. STORED ni data ambayo watumiaji wameiandika kweli. USED ni nafasi ambayo data hiyo imeila diskini baada ya nakala, ndiyo maana 7.9 imekuwa karibu 24. Anayesoma maelekezo ya zamani awe mwangalifu hapa, kwa kuwa kabla ya toleo la Nautilus la mwaka 2019 safu ya USED katika mafungu ilikuwa na maana ya data kabla ya nakala. Ripoti mbili za klasta moja, moja ya kabla na nyingine ya baada ya kusasisha, zinaweza kuonyesha kana kwamba matumizi yamepanda mara tatu usiku mmoja.

Safu inayozua maswali ni MAX AVAIL. Mwenzangu kazini alinijia na ukurasa kama huo akaniuliza, "Kaka, si bado tuna TiB 20? Mbona huku imeandikwa nne?" Alikuwa amegawa 20 kwa 3 akapata 6.7, na hata hiyo haikulingana. Jibu ni kwamba Ceph haiangalii wastani wa diski, bali inaiangalia diski itakayojaa kwanza. Katika klasta hiyo wastani ulikuwa asilimia 54, lakini diski moja ilikuwa imefika 66. Ukomo wa kuandika ni asilimia 95, kwa hiyo diski hiyo imebakiwa na 29 tu. Asilimia 29 ya TiB 43.7 ni 12.7, ukigawa kwa nakala tatu unapata 4.2. Diski moja iliyoelemewa, pamoja na ukomo huo wa 95, ndivyo vilivyowanyang'anya zaidi ya theluthi ya nafasi waliyodhani wanayo.

Diski hiyo hufichuliwa na `ceph osd df tree`, amri inayoonyesha kila diski chini ya seva yake na asilimia iliyojaa. Ikiwa pengo kati ya iliyojaa zaidi na iliyojaa kidogo ni kubwa, kagua kwanza kama kisawazishi cha Ceph kimewashwa, kwa `ceph balancer status`, kabla hujaomba fedha za diski mpya. Kuna mipaka mitatu ya kukariri, ambayo ndiyo Ceph huja nayo: kwa 85 hutoa onyo, kwa 90 diski hukataa kupokea data inayohamishwa, na kwa 95 mafungu yanayotumia diski hiyo huacha kupokea maandishi mapya. Huo wa mwisho hautazami kama diski nyingine zina nafasi.

Nakala 3

*Nafasi.* Theluthi moja ya nafasi ghafi: TiB 34.0 kwa makadirio ya karatasini katika klasta yetu ya seva saba, na 24.7 kwa usalama. Kwa anayetazama bei ya diski tu, hii ndiyo njia ghali kuliko zote.

*Hitilafu.* Data hustahimili kupotea kwa nakala mbili. Kwa mpangilio wa kawaida Ceph huendelea kusoma na kuandika mradi nakala mbili zipo. Ikibaki moja, data ipo salama lakini kazi husimama hadi ya pili ijengwe. Maana yake ni kwamba unaweza kuzima seva moja mchana kwa matengenezo, na diski ya seva nyingine ikafa katikati ya matengenezo hayo, na bado hujapoteza kitu.

Hata hivyo kuna mtego kwa wenye seva tatu, na huu nimeuona kwa macho yangu. Kwa seva tatu na nakala tatu, kila seva hubeba nakala moja ya kila kitu. Diski moja ikifa, data yake haiwezi kukimbilia seva nyingine, kwa sababu huko tayari kuna nakala. Ni lazima ijengwe upya katika diski zilizobaki ndani ya seva ileile. Ofisi moja niliyoihudumia ilikuwa na diski nne kwa kila seva, zikiwa zimejaa asilimia 71. Kila mtu aliona 71 ni mbali na 95. Diski moja ilipokufa, mzigo wa diski nne ulitakiwa kuingia katika tatu, yaani 71 mara nne gawa kwa tatu, ambayo ni karibu 95. Ujenzi ulikwenda vizuri hadi diski zilipogusa 90, kisha ukasimama na maandishi `backfill_toofull` yakajaa skrini. Hakuna data iliyopotea, lakini kwa siku zote tulizosubiri diski mpya ifike, sehemu ya data ilikaa na nakala mbili badala ya tatu, nasi tukawa tunafuta picha za zamani za mashine pepe (hali zake zilizohifadhiwa) usiku na mchana ili kupata upenyo.

Kwa diski nne kwa kila seva, ukomo wa kweli katika klasta ya seva tatu ni robo tatu ya 85, yaani karibu asilimia 64. Ukiwa na diski nane kwa kila seva ukomo huo hupanda hadi 74. Hiyo ni sababu nzuri ya kununua diski ndogo nyingi badala ya kubwa chache, hata kama bei kwa kila terabaiti ni ya juu kidogo.

*Ukubwa wa faili.* Kila faili, ndogo au kubwa, hulipa mara tatu na si zaidi sana, mradi diski ziliandaliwa kwa toleo la karibuni. Diski ngumu zilizoandaliwa kabla ya toleo la Pacific la mwaka 2021 hugawa nafasi kwa sehemu za kilobaiti 64, ilhali zilizoandaliwa baadaye hugawa kwa kilobaiti 4. Faili milioni moja za kilobaiti 4 ni data ya GiB 3.8; kwa nakala 3 zitakula GiB 11.4 katika diski za mgawo mdogo, na GiB 183 katika diski za mgawo wa zamani. Kusasisha programu hakubadili mgawo huo. Ni lazima diski iondolewe, iandaliwe upya na kurudishwa, moja baada ya nyingine.

*Kasi na ujenzi.* Kusoma huenda kwenye nakala moja, na kujenga upya hunakili kutoka nakala moja. Kuandika husubiri nakala zote zithibitishe, kwa hiyo mtandao kati ya seva huhesabika sana. Kwa hifadhidata na mashine pepe, njia hii ndiyo yenye tabia inayotabirika kuliko nyingine mbili.

*Seva na mabadiliko.* Huanzia seva tatu, ingawa ya nne huondoa mtego nilioueleza. Idadi ya nakala inaweza kubadilishwa kwa amri moja wakati fungu linafanya kazi.

Inamfaa anayeendesha mashine pepe na hifadhidata, anayetegemea vipuri vinavyochelewa kufika, na asiye na mtu wa zamu usiku.

Nakala 2

*Nafasi.* Nusu ya nafasi ghafi: TiB 50.9 karatasini, 37.1 kwa usalama. Ukilinganisha na nakala 3 umeongeza nusu ya uwezo bila kununua diski hata moja, na kishawishi hicho si cha kudharau pale bajeti inapobana.

*Hitilafu.* Hapa ndipo bei inapolipwa. Ceph inaweza kuruhusu kazi iendelee nakala ikibaki moja, au kuisimamisha. Ukiiruhusu, fikiria mfululizo huu: seva ya kwanza inazimwa kwa matengenezo, maandishi mapya yanaingia katika nakala ya pili pekee, kisha diski yenye nakala hiyo ya pili inakufa. Seva ya kwanza inaporudi, Ceph inajua kwamba nakala iliyoko humo imepitwa na wakati, na kwa haki kabisa inakataa kuitoa kama ndiyo data. Kilichoandikwa katikati kimekwenda. Ukisimamisha kazi nakala ikibaki moja, hatari hiyo hupungua, lakini kila uzimaji wa seva, hata wa dakika kumi wa kusasisha, utasimamisha sehemu ya huduma. Mahali ambapo umeme hukatika na klasta nzima huamka kwa pamoja, diski nzee moja kugoma kuamka ni jambo la kutarajia, na kwa nakala mbili hiyo moja inatosha kukuweka ukingoni.

Haki itendeke kwa upande wa pili: zamani iliogopwa pia kwamba nakala mbili zikitofautiana hakuna wa kuamua ipi ni sahihi. Siku hizi Ceph huhifadhi alama ya uhakiki kwa kila sehemu ya data inayoandika, hivyo nakala iliyoharibika diskini hujulikana hata zikiwa mbili tu.

*Ukubwa wa faili.* Tabia ni ileile ya nakala 3, ila mara mbili: faili milioni moja za kilobaiti 4 hula GiB 7.6, au 122 kwa mgawo wa zamani.

*Kasi na ujenzi.* Kuandika ni kwepesi zaidi kwa kuwa kuna nakala moja tu ya kusubiri mbali na ile ya kwanza. Ujenzi ni rahisi, lakini lazima uwahi, kwa sababu muda wote unaoendelea data husika ina nakala moja.

*Seva na mabadiliko.* Seva tatu zinatosha vizuri, na hapa seva ya tatu huwa na nafasi ya kupokea kinachojengwa upya. Ukijuta, utapandisha hadi nakala 3 kwa amri ileile, mradi nafasi ghafi ipo. Mara nyingi haipo, kwa sababu aliyechagua nakala 2 alikuwa amekwisha kuibana.

Inamfaa mwenye data inayoweza kutengenezwa upya au kupakuliwa tena: matokeo ya muda ya ukokotoaji, picha za kujaribia programu, nakala ya ghala la vifurushi. Nina msimamo katika hili, na sitauficha: kumbukumbu za wateja, wagonjwa au wanafunzi zisikae katika nakala mbili, hata kama kuna chelezo nje ya klasta.

Vipande 4+2

*Nafasi.* Data hugawanywa vipande vinne, kisha viwili vya fidia hukokotolewa kutokana navyo, na vyote sita husambazwa katika seva sita tofauti. Vinne vyovyote kati ya sita vinatosha kuirudisha data. Theluthi mbili ya nafasi ghafi hutumika: TiB 67.9 karatasini, 49.5 kwa usalama, maradufu kamili ya nakala 3.

*Hitilafu.* Vipande viwili vikipotea data bado ipo, sawa na nakala 3. Kwa mpangilio wa kawaida kazi huendelea vikiwepo vitano, na husimama vikibaki vinne hadi cha tano kijengwe. Kwa kigezo hiki pekee, njia hizi mbili zinakaribiana kuliko watu wanavyodhani. Tofauti ni kwamba kila data imegusa seva sita badala ya tatu, hivyo uwezekano wa kuguswa na hitilafu ya seva yoyote ni mkubwa zaidi.

*Ukubwa wa faili.* Hapa hesabu hugeuka. Faili ya kilobaiti 4 haiwezi kugawanywa kwa manufaa. Kwa utaratibu wa kawaida hujazwa hadi kila kipande kiwe na kilobaiti 4, na vipande ni sita. Faili milioni moja za aina hiyo zitakula GiB 22.9, mara mbili ya nakala 3. Katika diski zenye mgawo wa zamani wa kilobaiti 64 zitakula GiB 366, kwa data ya GiB 3.8. Anayehamishia faili za barua pepe au vijipicha vya tovuti katika fungu la 4+2 akitarajia kuokoa nafasi ataona STORED na USED zikiachana kwa namna ambayo hakuna kikokotoo cha 4+2 kitakachomweleza. Dawa ni kupima kwanza: gawa STORED kwa OBJECTS upate wastani wa ukubwa. Ukipata megabaiti, endelea. Ukipata kilobaiti chache, rudi kwenye nakala.

*Kasi na ujenzi.* Faili kubwa zinazoandikwa mara moja na kusomwa kwa mfululizo huenda vizuri. Kubadili sehemu ndogo katikati ya faili ni mzigo, kwa sababu vipande husomwa, fidia hukokotolewa tena, kisha huandikwa. Na kujenga kipande kimoja kilichopotea ni lazima visomwe vinne: diski yenye TiB 2.5 ikifa, takriban TiB 10 zitasafiri mtandaoni ili kuirudisha. Kwa mtandao wa gigabiti 1 hilo ni jambo la kuhisiwa na kila mtumiaji, na singeshauri 4+2 chini ya gigabiti 10.

*Seva na mabadiliko.* Sita ni kima cha chini, lakini kwa sita seva ikifa hakuna mahali pa kujengea kipande chake, kwa hiyo nahesabu saba kuwa mwanzo wa kweli. Fungu likishaundwa, 4 na 2 hazibadiliki; ukitaka mpango mwingine unaunda fungu jipya na kuihamisha data yote. Tena mashine pepe na mafaili ya CephFS, mfumo wa mafaili wa Ceph, hayawezi kukaa ndani ya fungu la vipande peke yake: kumbukumbu za usimamizi wake ni lazima ziwe katika fungu la nakala. Wapo wanaojaribu 2+1 ili kupata theluthi mbili ileile kwa seva tatu. Watambue kwamba 2+1 hustahimili upotevu mmoja tu, kwa hiyo mwenye 2+1 amebeba hatari za nakala 2 pamoja na uzito wa vipande.

Inamfaa mwenye chelezo, video, picha za satelaiti, rekodi za kamera au nyaraka zilizochanganuliwa, akiwa na seva saba au zaidi na mtandao wa kutosha.

Nafasi isiyorudi, kwa njia zote

Kabla ya kulaumu njia uliyoichagua, kagua mambo mawili. Diski za mashine pepe katika Ceph huahidi nafasi bila kuitenga: mashine 40 za GiB 200 zimeahidiwa TiB 7.8 hata kama zimeandika mbili tu, na ahadi hizo siku moja hudaiwa. Mtumiaji akifuta faili ndani ya mashine yake, nafasi hairudi kwa klasta hadi mfumo wake uendeshe `fstrim` na diski hiyo pepe iwe imeruhusiwa kupokea taarifa ya ufutaji. Nimeona fungu likishuka kwa TiB nzima baada ya amri hiyo moja kuendeshwa katika mashine zote. Jambo la pili ni picha za wakati, zile zinazochukuliwa kabla ya kusasisha na kusahaulika. Kila kinachobadilika baada ya picha hutunzwa mara mbili, kisha huzidishwa tena kwa nakala zako. Amri ya `rbd du` huzitaja moja moja.

Kuchagua kwa hali yako

Ukiwa na seva tatu na mashine pepe za kazi, chukua nakala 3, hesabu asilimia 64 au 74 kulingana na idadi ya diski kwa kila seva, na weka onyo lako mwenyewe chini ya hapo, kwa sababu onyo la Ceph la 85 litakuwa limechelewa. Fedha ikipatikana, seva ya nne itakusaidia kuliko diski za ziada katika zile tatu.

Ukiwa na seva nne hadi sita na nafasi imebana, kishawishi cha nakala 2 kitakuja. Tenga kwanza kile kinachoweza kutengenezwa upya, kiundie fungu lake la nakala 2, na uache vilivyobaki katika nakala 3. Mafungu yenye idadi tofauti za nakala hukaa katika diski zilezile bila tatizo.

Ukiwa na seva saba au zaidi, na sehemu kubwa ya data ni faili kubwa zisizobadilika, hamishia hizo katika 4+2 na ubaki na nakala 3 kwa mashine na hifadhidata. Ukiwa na diski zilizoandaliwa kabla ya Pacific, ziandae upya kwanza.

Na ukichanganya njia, usijumlishe kamwe MAX AVAIL za mafungu mawili, kwa kuwa yote huchota nafasi ghafi ileile. Tuseme zimebaki TiB 30 ghafi kabla ya diski ya kwanza kufika ukomo: fungu la nakala 3 litaonyesha 10, na la 4+2 litaonyesha 20, wala huna 30 za kuandika. Andika TiB 4 katika lile la nakala, na 12 ghafi zitakuwa zimekwenda. La nakala litasoma 6, na la vipande, ambalo hukuligusa, litasoma 12.